Maji, Uzi na Nywele za Mwalimu Syombua

Mutanu, wewe na wenzako mliobaki na viti vyangu pale Emali mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nilicheka kwanza. Nilidhani wanaoandika ni walimu na makarani waliostaafu, watu wenye kumbukumbu za mikutano. Msusi huacha vichwa vya watu vimsemee, na vichwa vyenyewe hufumuliwa baada ya miezi miwili. Lakini nimesharudi nyumbani Zombe, vidole vyangu havikunjiki asubuhi mpaka nivikande kwa maji moto, na nimeona kwamba nikinyamaza mtarithi vioo na makochi tu. Sitaandika jinsi saluni ilivyotoka kwenye kibanda cha mabati ikaingia chumba cha vigae. Hayo mnayajua, na anayetaka kujisifu, kanisa lina nafasi ya ushuhuda kila Jumapili. Nitaandika juu ya maji na uzi, na juu ya mwanamke mmoja aliyeitwa Mwalimu Syombua, ambaye wengi wenu mlimwona mkadhani ni mteja kama wateja wengine.

Kazi niliianzia Kitui mjini, kwa Bi Rukia. Babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya vitambaa, akaoa, akazikwa huko huko, na familia ikabaki. Bi Rukia alikuwa anasukia uani kwake. Wanawake waliingia kwa mlango wa pembeni, wakavua mitandio wakishafika ndani. Mimi nilikuwa nimetoka Zombe na sifa zangu za kijijini, maana nilikuwa nimewasuka dada zangu wote na nusu ya kwaya. Nilifika na kitana mfukoni, tayari kuanza.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mikono."

Nikamwonyesha. Akaigeuza, akatazama kucha, kisha akaingia ndani akatoka na mtungi, akanipa.

Nilibeba mtungi huo wiki nyingi kabla sijagusa kichwa cha mtu. Mto ulikuwa mchanga mtupu, kama mito yetu yote wakati wa kiangazi. Tulikuwa tunafukua mchanga mpaka maji yatokee chini, tunayachota kidogo kidogo kwa kata, tunayaacha yatulie. Nikifika, Bi Rukia alikuwa anachukua kikombe chake cha bati, chenye ua jekundu lililobanduka upande mmoja, anachota kidogo, anaonja. Akitikisa kichwa kukubali, ndipo mteja anainamishwa. Siku moja nilishikwa na uvivu, nikajaza mtungi kwa pampu iliyokuwa karibu na soko. Akaonja, akatema kando.

"Haya ni ya chumvi, mwanangu. Haya kafulie mikeka."

"Lakini Bi Rukia, ni ya kuosha nywele tu. Hakuna mtu atakunywa."

"Ndiyo maana naonja mimi. Tumbo hukataa lenyewe. Nywele hazina mdomo wa kukataa."

Nilirudi mtoni nikiwa nimenuna. Baadaye nilikuja kuona kwa macho yangu alichokuwa anasema. Maji ya chumvi hayatoi povu, kwa hiyo unaongeza sabuni, na sabuni inabaki kichwani. Nywele zikikauka zinakuwa ngumu, ukizipitisha kitana zinakatika. Basi mtoto wa kike anaambiwa ana nywele mbaya, za kipilipili, za ukoo wa baba yake, zisizokua. Anaamini. Anakua nalo hilo mpaka anakuwa mama, naye anamwambia binti yake. Sisi watu wa Kitui na Makueni tumetukana nywele zetu vizazi na vizazi, na kosa lilikuwa la kisima.

Baada ya maji ndipo nilipewa uzi. Wengi wenu mnauona uzi ni mambo ya ushamba, ya picha za zamani za nyanya zenu. Unagawa nywele mafungu, unashika fungu moja, unazungusha uzi ukianzia karibu na shina mpaka kwenye ncha. Nywele inanyooka yenyewe bila moto na bila dawa. Kazi yote iko kwenye mzunguko wa kwanza. Bi Rukia alikuwa anapitisha ukucha wake kati ya uzi na ngozi ya kichwa. Ukucha usipopita, anafumua fungu lote na mimi naanza upya, huku mteja akiguna.

"Shina lipumue," alikuwa anasema. "Hujafunga mbuzi hapa."

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Wateja wake wengi walikuwa wanatoka pale wamejifunika tena, hata unywele mmoja hauonekani barabarani. Nikamuuliza siku moja, mbona tunateseka hivi kwa kitu ambacho hakuna mtu atakiona? Alikuwa anamsuka mwanamke mmoja mtu mzima, mjane, anayeishi peke yake. Aliacha kusuka, akanitazama.

"Hakuna mtu? Kwani yeye mwenyewe si mtu?"

Yule mjane akacheka mpaka mabega yakatikisika. Mimi nikaona haya. Neno hilo nimelibeba maisha yangu yote ya kazi kuliko kitana chochote. Na lingine lake lilikuwa hili, alilolisema kila alipoona msusi anamlazimisha mteja mtindo: kichwa ni cha mwenyewe, wewe umeazimwa tu.

Nilipoolewa upande wa Makueni aliniaga kwa kunipa kile kikombe cha bati. Nilikuwa nimetarajia kile kitana chake cha mbao, nikanuna tena njiani. Ujana ni kununa kwingi.

Pale Emali, kwenye njia panda ya Loitokitok, nilikuta dunia nyingine. Malori, vumbi, wafanyabiashara kutoka kila mahali, na wanawake wenye haraka. Uzi hakuna aliyeutaka. Nilianza na chuma cha moto juu ya jiko la makaa, na kuna masikio ya Emali mpaka leo yana alama yangu. Ikaja dawa ya kulainisha, mteja analia machozi huku anakwambia subiri kidogo bado haijashika. Ikaja ile ya mawimbi, ya mafuta mengi, iliyoharibu vitambaa vya makochi ya watu wote wenye heshima. Zikaja rasta za kusukia nywele za bandia, zikaja nywele za kushonea, krosheti, wigi. Nilifanya zote, na zingine nilizifanya vizuri sana. Sitajifanya leo kwamba nilikuwa nabii.

Lakini kuna neno nililolisikia kwanza kwa Bi Rukia, kutoka kwa akina mama wa Tseikuru waliokuwa wanakuja mjini wakishauza mbuzi, na nikalikuta tena Emali kwenye midomo ya kila mtu. Mwanamke anakaa kitini, anaegemea, anasema: "Kaza. Mvua iko mbali."

Nyinyi mnaosoma mambo kwenye simu mnaita msuko wa kinga. Mnasema unakinga nywele zisikatike. Ni kweli, ukisukwa inavyostahili na ukafumuliwa mapema. Lakini kwetu msuko haukuwa wa kukinga nywele. Ulikuwa wa kumkinga mwanamke na maji. Mama anayeamka kumfuata punda kwenda kisimani, akarudi na mitungi minne ya nyumba nzima, hawezi kumwaga mmoja kichwani. Kwa hiyo anasukwa kiangazi kikianza, anakazwa, ili msuko umfikishe kwenye mvua, na siku mvua ikinyesha atafumua na kuosha. Hesabu nzuri kabisa. Shida ni kwamba sisi ndio tunaoijua vizuri tabia ya mvua ya huku, na bado tuliiamini na vichwa vyetu. Mvua isipokuja, msuko unabaki, na kila siku unavuta.

Mwalimu Syombua alihamishiwa shule moja karibu na Emali akitokea upande wa Kitui, katika mwaka ambao mvua zilikataa mara mbili. Alikuja saluni Jumamosi moja, amefunga kilemba, amevaa sweta ya bluu katika joto lile. Sweta hiyo mtaikumbuka, alikuwa haivui. Alingoja mpaka wateja wengine wakatoka. Alipofungua kilemba nikaona rasta nyembamba, ndefu, kazi ya mtu mwenye mkono mzuri. Zilikuwa zimesukwa kungojea mvua ya mwezi wa kumi na moja, na sasa ule wa nne ulikuwa unaisha.

Nikaanza kufumua taratibu. Nilipofika pande za mbele, juu ya masikio, rasta zilikuja mkononi mwangu pamoja na nywele zake na mizizi yake. Hakukuwa na damu, wala hakusikia maumivu. Nilizisukuma mfukoni mwa aproni, nikasahau kwamba kioo kiko mbele yake.

"Nionyeshe," alisema.

"Mwalimu, zitaota tu."

"Usinidanganye kama mtoto wa nasari, Mama Kioko. Weka hapa."

Nikaziweka mapajani mwake. Alizitazama, kisha akalia bila sauti, bila kujifuta. Nilimwacha. Alipomaliza akasema, "Funika. Shonea kitu juu, hata leo. Jumatatu nasimama mbele ya watoto."

"Nitafunika ukitaka, kichwa ni chako. Lakini nikifunika saa hii, mwaka ujao hakuna kitu nitashikilia."

"Na nisipofunika?"

"Utatembea na nywele yako."

Akajitazama kwenye kioo. Halafu akasema kitu ambacho kilinichoma, kwa sababu nilijua ningeweza kukisikia kutoka kwa wanawake wengi wa soko lile kama wangekuwa na ujasiri wake. Alisema, "Nywele yangu sijaiona tangu niende chuo cha walimu. Sijui hata inakaa aje."

Nikazikata. Nilikata zote zilizokuwa na dawa, zikabaki fupi za kushikwa kwa ncha za vidole. Kisha nikafungua sanduku la vitu vyangu, nikatoa uzi mweusi na kile kikombe cha bati.

Nitawaambia ukweli ambao chupa za mafuta hazisemi. Kazi ya kurudisha nywele ni ya polepole, haina picha ya kabla na baada. Tuliosha kwa maji matamu peke yake. Tulichana zikiwa zimelowa, kuanzia nchani kurudi kwenye shina, kamwe si kinyume. Tulizungusha uzi mafungu makubwa, shina likipumua, na kila baada ya siku chache tunafungua tunapumzisha. Pembeni hatukugusa kabisa. Na baada ya yote hayo, pale juu ya masikio palibaki mabaka mawili ya ukubwa wa kifuniko cha soda ambayo hayakurudi. Shina lililokufa halisikii mafuta. Msimuahidi mtu msichokuwa nacho.

Maji ndiyo yaliyoleta maneno nyumbani kwake. Maji ya bomba ya Emali niliyaonja mbele yake, akaonja naye, akakunja uso. Basi akaweka mifereji ya mvua kwenye paa na tangi chini yake, na kwa mumewe, Mzee Nzioka, aliyekuwa amestaafu kazi ya reli, hilo lilikuwa jambo jema mpaka alipoona mtungi mmoja umewekwa kando jikoni kwa ajili ya kichwa, mdomo umefungwa kwa kipande cha leso.

"Ananiuliza kama nimerogwa," Mwalimu alinihadithia, akicheka huku ameinama kwenye beseni. "Anasema, watu wanakunywa chumvi, wewe unaoga kichwa na maji ya chai."

"Na ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hayo maneno yako ya yule mama wa Kitui. Kwani mwenyewe si mtu? Akatoka nje akaenda kuangalia mbuzi."

Alikuwa na namna yake ya kuoshwa. Alitaka maji yaanze nyuma ya sikio la kushoto, polepole, ndipo yapande. Ukianzia juu ya paji alikuwa anashtuka kama mtoto. Nywele zilipofika urefu wa kuchanwa zikasimama, nzito, nyeusi na mvi zimechanganyika, alianza kwenda nazo shuleni wazi. Mzazi mmoja akamuuliza kama amefiwa. Wasichana wa darasa lake walimzunguka wakitaka kushika. Aliniambia hakuwa amejua kwamba upepo unaingia mpaka kwenye ngozi ya kichwa, na kwamba jambo hilo peke yake lilimfurahisha kila asubuhi akivuka uwanja wa shule.

Kisha ikaja siku ya ntheo ya binti yake Mwende, wale mbuzi ambao mila yetu inasema bila wao msichana hajaolewa hata akiwa na cheti cha kanisa. Wageni walikuwa wengi, na mpiga picha ametoka Nairobi. Dada za Mzee Nzioka walimwangalia Mwalimu kichwani, wakaangaliana. Mzee akamwita kando, akamwomba avae wigi, kwa siku hiyo tu, kwa ajili ya picha. Akavaa. Mwende ndiye aliyemwazima.

Wiki iliyofuata alikuja saluni akiwa amechoka usoni. Hakutaka kuoshwa. Alikaa tu kwenye kiti.

"Nimeona picha," alisema. "Mama wa msichana simjui."

Nikamwambia ni picha tu, zitakaa kwa albamu zitasahaulika.

"Acha, Mama Kioko. Sikiliza. Mimi nikienda, wewe ndio utanitengeneza. Na nywele hii hii yangu. Usikubali mtu aniwekee kitu. Umenisikia?"

"Mwalimu, hayo ni maneno gani?"

"Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Sikumuuliza zaidi, na yeye hakuniambia kwamba tumbo lilikuwa limeanza kumsumbua.

Ugonjwa ulimweka nyumbani miezi mingi. Nilienda kumwona mwanzoni, nikamkuta amelala, kichwa kimefungwa leso, na sikutaka kumwamsha. Baadaye magoti yangu yakakataa safari, tukawa tunasalimiana kwa simu. Nilidhani nywele zake zimeachwa tu, kama inavyokuwa mgonjwa akizidiwa na watu wakiwa na mengine ya kufikiria. Niliumia nikiwaza zimejisokota na zitabidi zinyolewe. Sikuuliza, maana niliogopa jibu.

Alipofariki, Mwende alinipigia. Siku moja kabla ya maziko nikaenda mochari na mkoba wangu wa kazi. Nimetengeneza wafu kadhaa katika kazi hii, na nyinyi mtaitwa pia. Unapoitwa nenda. Unaongea nao, unawaambia unachofanya, unawashika kama wangeweza kuumia. Lakini siku ile haikuwa kazi tu, nilikuwa nampenda yule mwanamke.

Mwende alikuwa ananingoja mlangoni, rasta zake ndefu zimefungwa nyuma, macho yamevimba. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi. Nilijua ni wigi kabla hajaufungua.

"Baba amesema avalishwe hii, Anti."

"Mama yako aliniambia tofauti. Aliniambia na mdomo wake, baada ya ntheo yako."

"Mimi nakuamini, Anti. Woi, nakuamini kabisa. Lakini ni Baba amesema, na jeneza litafunguliwa kanisani watu wote wapite. Mimi sina nguvu ya kubishana na Baba wiki hii."

Kichwa ni cha mwenyewe, alinifundisha Bi Rukia, lakini hakunifundisha mwenyewe akishaondoka kinakuwa cha nani. Nilikuwa na hasira na Mzee Nzioka, hasira ya kweli. Picha moja haikumtosha. Sasa alitaka hata watu wa kanisani wamuage mama wa msichana wasiyemjua. Nilimwambia Mwende twende ndani tuoshe kwanza, hayo mengine tutayaona.

Nilipofungua leso nilisita. Nywele zilikuwa zimezungushwa uzi. Haukuwa uzi mweusi, ulikuwa sufu ya bluu, na mafungu yenyewe yalikuwa ya ajabu: moja nene, moja jembamba, mengine yameelekea pembeni, ncha zimefungwa mafundo kama ya gunia. Mtoto wa darasa la tatu angefanya kazi nadhifu zaidi. Nikapitisha ukucha kati ya sufu na ngozi ya kichwa, kama nilivyofanyiwa mimi Kitui. Ukucha ukapita. Nikajaribu fungu lingine, ukapita. Nikayajaribu yote. Hakuna shina hata moja lililokuwa limevutwa.

"Nani alimsuka hivi?"

Mwende akasogea akatazama. "Sijui. Mimi nilikuwa nakuja tu wikendi, nakuta amefungwa leso. Nilidhani ni wewe."

Nikafungua bomba la pale ndani, nikachota na kile kikombe cha bati, nikaonja. Chumvi. Nikamwambia Mwende siwezi kumwosha mama yake na maji yale, kwamba hajaoshwa kichwa na maji ya chumvi tangu nimjue, na kwamba kama kuna jambo moja ninaloweza kumfanyia bila ruhusa ya mtu ni hilo. Akatoka nje kupiga simu. Nilimsikia akisema "maji" mara kadhaa.

Aliyekuja ni Mzee Nzioka mwenyewe, kwa pikapu ya jirani, ingawa desturi ilimtaka akae nyumbani na waombolezaji. Alishuka akiwa amekumbatia mtungi, na mdomo wa mtungi ulikuwa umefungwa kwa kipande cha leso.

"Watu wamekunywa tangi lote," aliniambia. "Wameomba na hii ya mtungi wapike chai, nikawakatalia. Ni ya kichwa chake."

Akauweka chini. Kisha akaona leso iko wazi na mafungu yanaonekana, akainamisha uso.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, Mzee. Nani alifanya?"

"Ni mimi. Alikuwa ananiambia vile nitafanya, akiwa amelala. Uzi ule mweusi uliisha, yeye akasema toa ile sweta ya shule, haina kazi tena. Tukaifumua." Alisugua mikono yake, mikono ya mtu wa reli, mipana, kidole kimoja hakina kucha. "Hii mikono haijui, Mama Kioko. Alikuwa anacheka. Lakini watu wakipita kesho wakaona hiyo kazi, watamcheka yeye. Dada zangu watasema alilala mgonjwa bila mtu wa kumtunza. Ndio nikaambia huyu mtoto alete ya duka."

Hasira yangu yote ikaniishia pale. Nikamshika mkono, nikapitisha ukucha wangu chini ya sufu mbele yake, fungu kwa fungu, ili aone.

"Mzee, nimefunza wasichana miaka yote hii. Wengi wametoka kwangu bila kujua hii. Hakuna mahali umevuta."

"Alisema shina lipumue," alijibu.

Tukafungua sufu pamoja, Mwende akiikusanya kwenye kiganja. Nikachota maji ya mtungi, nikaonja, matamu. Nilipogeuka, Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono akitaka kikombe. Nikampa. Alianza nyuma ya sikio la kushoto, polepole, maji yakapanda. Hakuna aliyemwambia. Nywele zikajikunja zikipokea maji, kama zilivyokuwa zinafanya siku zote. Mwende akaziwekea mkono mmoja kwa woga, halafu mikono yote miwili, akaanza kulia kwa sauti, akisema "Mwaitu, mwaitu," mama yangu, kwa lugha yetu. Hakuwahi kushika nywele za mama yake, aliniambia baadaye. Zilikuwa zimefunikwa tangu azaliwe, na zilipofunuliwa yeye alikuwa ameshahamia Nairobi.

Nilichana kutoka nchani. Nilizisimamisha mbele na pembeni, nyeusi na mvi, yale mabaka mawili yakaonekana na nikayaacha yaonekane. Mzee alitazama uso wa mkewe, akatazama ule mfuko wa karatasi, akamwambia Mwende arudishe kwa gari. Kikombe hicho ndicho kiko kando ya beseni pale saluni, Mutanu. Si cha chai.

Lilibaki fungu moja la nyuma, pale kisogoni panapolalia mto. Nikampa Mzee Nzioka ile sufu ya bluu, akasogea, akaanza kuzungusha kwa vidole vyake vinene, ulimi umebanwa kwenye meno. Ilimchukua muda mrefu. Mwende alikuwa ametulia kidogo, akifuta uso.

"Baba," alisema, "hapo nyuma si atalalia. Hakuna mtu ataona."

Mzee hakuinua macho.

"Na mama yako?" alisema. "Kwani mwenyewe si mtu?" Akaendelea kuzungusha uzi.